Mchumo wa Pili Haukuja

Mama alipokimbia milima ya Masisi, alifunga mbegu za maharage kwenye pembe ya kitenge chake. Masufuria yalibaki, mbuzi walibaki, kaburi la baba lilibaki. Njiani watu walibeba magodoro kichwani, na mmoja alimcheka mama kwamba amekimbia na chakula cha mchana. Mama alikaza fundo, akaendelea kutembea.

Yalikuwa maharage yanayopanda mti, meupe yenye madoa ya zambarau, ya kilima chetu. Mama alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na huyo naye alipewa vilevile. Nimezunguka soko la Birere hapa Goma mara nyingi, nimeinama kwenye kila gunia, na sijaona mengine kama hayo.

Tulipata nyumba ya mbao mtaa wa Katoyi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe tu, lile jeusi ambalo volkano ililimwaga na likaganda. Huwezi kusimika hata kijiti. Kijana mmoja wa jirani alikuwa akishuka kutoka Kibumba na kabichi kwenye chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao ya kubebea mizigo. Mama alimwomba amletee udongo juu ya kabichi zake, naye mama akawa anamfulia nguo kama malipo. Mfuko mmoja ukaja, kisha mwingine. Mama alipanga mawe kama ukuta mdogo, akamwaga udongo ndani. Ulipotosha, nilisimama humo nikaona unanifika kwenye kifundo cha mguu. Chini yake jiwe.

Tulipanda mbegu zote. Zilikuwa chache sana, na mama alisema mbegu ikikaa muda mrefu inasahau kazi yake.

Volkano ikitoa moshi mwingi, mvua ya Goma inashuka na kitu kinachochoma majani. Basi kila baada ya mvua kama hiyo mama alikuwa anaosha majani, moja moja, kwa maji tuliyoyapangia foleni na bidoni, yale madumu ya plastiki. Jirani wa kike alisimama mlangoni mwake akamwuliza lini atayapaka mafuta na kuyavalisha kofia. Mama alisema kesho, baada ya kuyanyonyesha. Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka ndani ya nyumba mahali hawanioni.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Niliishia shule ya msingi na kalamu yangu inakwenda polepole. Lakini jambo hili nimelifikiria muda mrefu. Kanisani kwetu wanahubiri sana juu ya mbingu. Udongo wanautaja siku ya kuzika. Mimi naona Mungu alianza na udongo, na mtu wa kwanza alipewa bustani ailinde kabla hajapewa kanisa. Mama hakuwahi kusema hivyo kwa maneno. Alikuwa anaosha majani.

Maganda yakakauka, tukapata bakuli moja. Nilifurahi kwa sababu nilijua sasa mbegu ipo. Lakini mama alilifunika bakuli kwa kitambaa safi, akaliweka karibu na Biblia. Nikaelewa kwamba linakwenda kanisani, maana malimbuko ni ya Mungu. Nikamwomba abakize hata konzi moja.

Mama akasema, "Mutoto wangu, Mungu hapewi mabaki. Mbegu itatoka kwenye muchumo wa pili."

Kule kilimani ndivyo walivyofanya. Maharage yale yalikuwa yanazaa, yanapumzika, yanazaa tena. Mchumo wa kwanza ulikwenda wote kanisani, wa pili ulitunzwa kwa mbegu, wa tatu uliliwa. Hakuna mtu aliyekosa mbegu kwa kumtolea Mungu. Ila udongo wa kule ulikuwa unameza jembe lote.

Jumapili, baada ya ibada, matoleo yalipigwa mnada kama kawaida yetu: jogoo, miwa, ndizi, bakuli la mama. Shemasi aliinua bakuli akasema haya si maharage, ni mayai ya ndege, na atakayeyanunua aangalie yasiruke kabla ya kufika nyumbani. Watu wakacheka, bei ikapanda. Aliyeyapata ni mama mmoja anayeuza vitenge Birere, mzaliwa wa mjini, mtu mwema. Mama alipiga makofi. Sikuwa nimemwona na uso kama ule tangu tufike Goma.

Kisha jua likawaka. Jiwe lilipata moto chini ya udongo mchache ule, na mimea ikaanza kukauka kutoka mizizini. Maua machache yaliyobaki yalichomwa na mvua ya moshi. Mama aliosha, akaosha. Siku alipoyang'oa mashina, aliyafunga vizuri kama kuni, na hayakuwa na ganda hata moja.

Nilimwambia twende kwa yule mama wa vitenge. Mama aliona haya kudai kitu alichokwisha kumpa Mungu. Nilikwenda peke yangu, mimi ambaye hata salamu inanishinda. Nilikaa kwenye kiti chake. Yeye ndiye aliyeniuliza kama mama anaumwa. Nikamweleza.

Aliingia chumbani akatoka na chupa ya kioo, na maharage yetu yalikuwa ndani, yote. Alikuwa ameyaona mazuri kupita kiasi, akayaweka yangoje Noeli na wageni. Hakutaka hata faranga moja.

Akasema, "Pelekea mama. Angalia, haina hata mududu moja."

Nilirudi mbio na chupa kifuani. Mama alilia, akacheka, akapanda siku ileile. Alibakiza konzi moja ndani ya chupa, safari hii bila mimi kumwomba.

Hayakuota. Tulimwagilia, tukangoja, tukasingizia baridi, tukasingizia ndege. Mwishowe mama alifukua moja kwa kidole. Lilikuwa limevimba, limeoza, na ndani hakuna hata kijichipukizi. Akapanda ile konzi ya mwisho kwenye kopo, kwenye udongo bora kuliko wote, akaliweka kando ya kitanda chake. Kopo nalo likanyamaza.

Ndipo yule mama wa vitenge akaja kututembelea, amebeba sukari, anataka kuona maharage yanavyopanda. Alipokuta udongo mtupu alishangaa.

"Ilikuwa muzima kabisa," alisema. "Nilipitisha yote ku sufuria ya moto, kidogo tu, ndiyo mududu asiingie. Ni vile tunafanya siku zote."

Nilimtazama mama. Mama aliangalia chini. Nilikuwa najua, na yeye alikuwa anajua, kwamba mbegu iliyoonja moto haiamki. Yule mama alikuwa bado anatutazama, sukari mkononi, hajaelewa.

Mama akamshika mkono. "Ni jiwe hili, mama," akasema. "Si weye."

Akampikia chai kwa sukari yake mwenyewe. Waliongea juu ya bei za vitenge mpaka jua likapungua.

Sikuwahi kumwuliza Mungu juu ya vita. Vita ni vya watu. Lakini juu ya maharage nilimwuliza, na ninamwuliza bado. Mtu alimpa cha kwanza kwa moyo mweupe. Mwingine akakitunza kwa upendo. Hakuna aliyetenda vibaya, na kitu ambacho mama na bibi zangu walipokezana hakipo tena duniani. Kilima bado kipo, lakini mtu akirudi huko leo hatakuwa na cha kupanda.

Jioni ile tulikaa kusali, mama na mimi. Yeye ndiye huomba, mimi huitikia. Alimshukuru Mungu kwa uzima, kwa mgeni wetu, kwa mvua, kwa mbegu. Alipofika kwenye mbegu sauti ilikatika. Nilingoja aendelee. Nilisikia anapumua tu, mikono imefungana magotini.

Basi nikasema Amina, kwa sauti, kwa niaba yetu wawili.