Mama wa Stelingi

Mtu akiniambia picha za sinema za angani ni mambo ya watoto, namwacha aende zake. Mimi nimezeeka nazo. Nilizijulia kwenye banda la video pale Kyela mjini, msichana niliyetumwa kuuza ndizi nikarudi kwetu Ngonga nimechelewa, na aliyenijulisha ndiye aliyekuja kuwa mume wangu. Alikuwa mtafsiri wa banda. Alipunguza sauti ya Wazungu, akashika kipaza sauti, akatusimulia kinachoendelea.

Ile ya stelingi, shujaa wa picha, aliyepotelea kwenye nyota ndiyo ilikuwa yangu. Chombo chake kimeharibika, maadui wanamwinda, naye anatafuta njia ya kurudi kwao. Huko kwao yuko mama yake. Kila jioni mama anapika wali kwenye chungu cha Ikombe, kile kinachofinyangwa kwetu, anaufunika, anakaa mlangoni kumsubiri. Tulijua chungu cha Ikombe hakiwezi kufika huko, hatukuwa wajinga, tulicheka. Lakini mama akishafunika chungu, banda zima lilinyamaza. Sehemu ya mwisho haikutufikia. Watu walinunua televisheni zao, banda likafungwa. Miaka yote ya ndoa nilimuuliza mume wangu kama stelingi anafika, naye alinijibu vilevile: subiri ije, nitakutafsiria.

Mwaka juzi kiharusi kilimpiga akiwa shambani, anavuna kakao. Upande wa kulia ukafa na maneno yakaenda nao. Tumekwenda hospitali, ameombewa kanisani, nimemkanda kwa maji ya moto mpaka mikono yangu imebabuka. Anakula, anaona, anasikia. Hasemi. Wanaokuja kumjulia hali wanasema ndaga, yaani pole, kisha wanaongea juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati, nami natamani kuwafukuza.

Ndipo mzee mmoja mwenye duka la simu mjini, mteja wa banda tangu zamani, akaniambia ile picha imetengenezwa upya tangu mwanzo, na safari hii wameimaliza. Niliingiwa na wazimu. Niliamini kabisa kwamba kilichowashinda madaktari kitawezwa na hiyo picha, kwamba mume wangu akiiona atashindwa kukaa kimya. Mzee akaniwekea kwenye flashi, yenye maandishi ya Kiswahili chini.

Niliitazama kwanza peke yangu, yeye amelala chumbani. Nikaichukia. Stelingi mpya ni kijana mzuri wa sura, anapigana mwanzo mpaka mwisho na nywele hazivurugiki. Nikamsubiri mama. Hola, hayupo. Stelingi anarudi kwao, na kwao ni mji wa vioo, anavishwa nishani, watu wanapiga makofi, imekwisha. Nilirudi dukani nimefura. Nilimwambia mzee hawa watu hawana adabu, wamemtoa mama. Kwa upole akaniambia hata yeye zamani hakujua, akanipa ile ya kwanza, nayo ina maandishi, nikajionee.

Nilijionea. Kuna mwanamke mzee mlangoni, kweli. Askari wanamuuliza kama amemwona stelingi, anajibu hapana, anafunga mlango. Hana mtoto. Chungu chake kina mafuta ya mashine.

Nikazima televisheni. Wala wenye picha mpya hawakuwa na kosa. Mama hakuwahi kuwemo. Nilichokipenda ujana wangu wote kilitungwa na mtu mmoja, na mtu huyo yuko chumba cha pili, hasemi. Hakuna duka la kukitafuta tena. Nilikata tamaa siku ile kuliko siku alipoanguka.

Kesho yake mchana mvua ilinyesha, na umeme kwa bahati ukawepo. Nilimkokota hadi sebuleni, nikamkalisha kwenye kochi, nikaweka ile mpya, nikapunguza sauti kama alivyokuwa akipunguza yeye.

"Baba, tafsiri," nikamwambia.

Alitazama tu. Basi nikaanza mwenyewe, na sauti yangu si ya kazi hiyo. Nikasema stelingi yuko mbali, njia haijui. Nikasema mama amepika, amefunika chungu. Mume wangu akaacha kutazama picha, akanigeukia. Zamani alikuwa havumilii mtu amharibie hadithi, hata awe mteja aliyelipa, alimkatiza. Kwa hiyo nikaiharibu kwa makusudi. Nikasema mama alichoka kusubiri, akala wali wote, akalala.

Mkono wake wa kushoto ukapiga kochi.

"Hakulala?"

Akapiga tena, kwa nguvu, machozi yanamtoka. Nikaelewa. Yote yamo, hakuna kilichopotea, yamo humo ndani mpaka mwisho wake.

"Basi alifanya nini? Niambie."

Akafungua mdomo. Nikasogeza sikio mpaka nikasikia pumzi yake. Kwenye televisheni stelingi alikuwa anashuka chomboni, watu wanampigia makofi yasiyosikika. Yakaja yale majina ya mwisho wa picha, yakapanda yote, yakaisha, na mume wangu alikuwa bado amefungua mdomo.