Mama alificha maumivu ya jicho kwa sababu alishatoa shukrani kanisani

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yametukuta nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi.

Mama yangu ana kahawa na migomba kule juu Meru. Mwaka jana alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho la kulia, akawekewa lenzi ya bandia.

Kesho yake bandeji ilipotolewa akaona hadi nyufa za ukuta. Jumapili akasimama kanisani akatoa shukrani, usharika mzima ukapiga makofi.

Jumatatu jicho likaanza kuuma. Hakumwambia mtu.

Mimi naishi Lemara, huku mjini. Jumatano nikapanda kumsalimia, nikamkuta anachambua maharage, kichwa kakiinamisha upande. Jicho jekundu, kope zimevimba.

"Shikamoo Mama. Hilo jicho vipi?"

"Marahaba. Ni vumbi tu."

Nikamfunika la kushoto kwa kiganja, nikamwonyesha vidole. "Vingapi?"

"Ni vya kwako, navijua."

(Nilicheka, lakini roho ilikuwa juu.)

Akasema taratibu, "Mwanangu, nimeshashukuru mbele ya watu. Nikisema linauma, si nitaonekana nilimdanganya Mungu?"

Sikubishana naye. Nikaita gari, tukashuka mjini hospitali ile ile aliyofanyiwa operesheni, siku hiyo hiyo.

Daktari alimpima na hakuficha kitu. Bakteria wameingia ndani ya jicho. Hutokea mara chache, alisema, ila wakipenya wakati wa operesheni wanaweza kujishikiza kwenye lenzi na kuzaliana.

"Mama, ungesubiri hadi Jumapili, huenda nisingekuwa na jicho la kutibu."

Akachomwa antibayotiki ndani ya jicho (kwa ganzi, msiogope), baada ya siku mbili akachomwa tena. Tuliambiwa dawa ikishindwa, lenzi itatolewa.

Haikufika huko. Wiki ya tatu alisoma saa ya ukutani mwenyewe, kwa jicho hilo hilo.

Kuona hakujarudi kama ile siku ya kwanza, kuna ukungu kidogo pembeni. Ila anachuma kahawa yake na mbivu anazitambua. Tumeridhika.

Siku hizi jirani akirudi kutoka operesheni ya macho, Mama anamfuata hadi kwake. Jibu la "naendelea vizuri" halikubali. Anauliza, "Linauma au haliumi?"

Nilichojifunza: baada ya operesheni ya jicho, maumivu yakizidi, likiwa jekundu au kuona kukififia, usingoje tarehe ya kliniki. Rudi siku hiyo hiyo.

Kama una mzazi aliyewekewa lenzi karibuni, mpigie kwanza, halafu njoo hapa utuambie kakujibu nini.