Makubadhi Kwapani

Mimi ni katika watu wachache wa kijiji chetu waliosomeshwa na serikali ya Mwingereza bure, chakula juu yake, malazi juu yake, na askari mlangoni asije mtu akatusumbua tukiwa masomoni. Nafasi yenyewe niliipata kwa magunia mawili ya karafuu, na karafuu hazikuwa zangu.

Niliziiba. Nasema wazi, maana nimechoka na watu wa umri wangu ambao kila aliyefungwa miaka ile leo anasema alifungwa kwa siasa. Mimi siasa sikuijua. Ulikuwa msimu wa mavuno, tajiri mmoja wa upande wa Wawi kaanika majamvi kwa majamvi, mlinzi wake kaenda kusali laasiri, na mimi niliyetakiwa niwe naye msikitini nikaona nibaki nyuma. Magunia nikayaficha uvunguni mwa kitanda cha mama yangu. Akili yangu ndivyo ilivyokuwa: nyumba ya mjane asiyekuwa na mkarafuu hata mmoja ikanukia kama ghala la serikali, hadi njiani. Siku ya pili nikakamatwa. Hakimu akanipa mwaka na nusu.

Mama yangu naye alihukumiwa, ingawa hakuna aliyemsomea hukumu. Yeye ndiye aliyekuwa akikabidhiwa ufunguo wa ghala kila kwenye harusi, atoe mchele, atoe samli, usipotee hata mkungu wa ndizi. Tangu siku ile akawa anaalikwa harusini kula, na ufunguo anapewa mwengine.

Siku ya kuingia jela, karani aliniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia najua, Msahafu nimeuhitimu na barua naandika. Akanipa karatasi niandike jina langu. Nikaliandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi alizotufundisha mwalimu wetu wa chuoni, mwandiko wa kutundikwa ukutani. Akautazama, akaugeuza juu chini, akaandika kwenye buku lake: hajui kusoma. Aliyeshindwa kusoma alikuwa yeye, lakini buku pia lilikuwa lake.

Basi nikatiwa darasa la wajinga, ubavuni mwa mzee mmoja aliyesomesha Kurani nusu ya watoto wa Mkoani kabla hajampiga jirani yake mpini wa jembe. Tukakaa chini, tukaimba a, e, i, o, u. Akija mgeni wa Kizungu kutukagua, tulipaza sauti, naye hutikisa kichwa kwa furaha, akaenda zake akiamini ametutoa gizani. Kusema kweli herufi zile nilizipenda. Nilijifanya sizipendi kwa sababu yule mzee alikuwa akinitazama.

Asubuhi tulikuwa karakana ya useremala. Fundi wetu alikuwa askari wa makamo, mtu wa Unguja, ambaye Mungu hakumjaalia neno la sifa. Ukimpelekea ubao ulioupiga randa tangu alfajiri, hupitisha kidole gumba juu yake, akasema, "Bado." Miezi mitatu sikusikia jengine. Mara moja nilimuuliza bado wapi. Akaushika mkono wangu, akaupitisha mwenyewe, mpaka kwenye mwinuko mwembamba kama uzi, akaniacha hapo. Siku nyingine akapitisha kidole, akanyamaza, akanipa ubao mwengine. Sikulala vizuri kwa furaha. Mtu yule nampenda mpaka leo, na sikupata kumwambia.

Nilipotoka nilipewa cheti kwamba mimi ni seremala hodari. Kimepigwa muhuri wa jela, mkubwa kama kisahani cha chai. Kwa hivyo karatasi pekee iliyothibitisha kwamba mimi ni fundi ilithibitisha vile vile kwamba mimi ni mwizi, na wanaojua kusoma herufi zile kijijini walikuwa wawili, ila muhuri aliujua kila mtu. Nikakikunja nikakitia ndani ya mto wa kulalia.

Kijiji kilinipokea kwa heshima zote. Ijumaa yangu ya mwanzo nilifika msikitini, nikatoa salamu, nikaitikiwa vizuri kabisa. Kisha nikaona jambo. Watu wazima, wenye ndevu zao, waliokuwa wameshavua makubadhi mlangoni, walitoka mmoja mmoja, wakayaokota, wakaingia nayo. Wengine waliyaweka mbele ya goti, wengine waliyabana kwapani mpaka wakati wa kuhirimia sala. Naamini ulikuwa msikiti wa pekee kisiwani ambao makubadhi yalisikiliza hotuba. Yangu ndiyo yaliyobaki nje, peke yake, salama salimini.

Kazi hawakuninyima, ila zilikuja kwa mlango wa uani. Mwenye kiti kilichovunjika alimtuma mkewe, amekifunika kanga. Jirani mmoja akataka kitanda, tena akanisihi nisimwambie mtu. Nikapima kwa inchi kama nilivyofundishwa, nikachonga matendegu, nikakiunga uani kwetu kikaungika imara. Jela tulikuwa tukitengeneza vitanda vya nyumba za maofisa. Mlango wa nyumba ya udongo sikuupima, wala haikunipitikia. Tulikiingiza kwa ubavu, kwa kichwa, kwa miguu, kikagoma, na siri ya jirani yangu ikakusanya kijiji kizima.

"Kazowea nlango wa jela," akasema mmoja. "Kule hata gari lapita."

Nilikifumua mbele yao, tendegu moja moja, nikakiunga tena ndani. Kilikuwa kizuri, na hakuna aliyesema ni kizuri.

Masika yakaingia, na jeneza la msikiti likavunjika mguu likiwa mabegani, maiti yumo. Alhamdulillahi hakuanguka. Fundi wa Chake Chake alikuwa na kazi nyingi, na mauti hayangoji zamu. Shehe wa msikiti akanijia kwa mlango wa uani, yeye naye.

"Utaweza?" akaniuliza.

"Nitaweza, Shehe."

"Basi pima milango kwanza."

Niliipima milango yote ya kijiji. Nikatafuta mbao za mfenesi, nikapiga randa, nikapitisha kidole gumba, nikajiambia bado, nikarudia. Nilipolifikisha msikitini walilizunguka, wakaligusa, wakaguna. Hapo ndipo uzuri wa jeneza langu ulipodhihirika: halikupata mteja. Kila mzee mgonjwa akawa anasema asitangulie yeye kubebwa kwenye kazi ya mwizi. Aliyekuwa hajiwezi akaanza kuonekana barazani, aliyekuwa akikohoa damu akaonekana anapalia mihogo. Miezi minne hakufa mtu. Nikaona serikali ingenipa nishani, maana hospitali yao haikupata kufanya hivyo.

Mama yangu hayo yote aliyasikia. Hakuwa msemaji. Ulipoingia mwezi wa tano wa jeneza lile akashikwa na homa, akaniita kitandani, kitanda kile kile cha magunia.

"Wasema nani ataanza, sio?"

"Waache waseme, mama."

"Mie ntaanza. Na waje wanibebe, ntu asikose. Kisha tutaona."

"Utapoa."

"Jeneza lino umelipiga randa vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Haya. Usije ukanchoma mbavu."

Alifariki Jumatano asubuhi, na mpaka leo siwezi kuifanyia mzaha siku hiyo. Jeneza lilipita mlango wetu bila ya kugusa popote. Walikuja wote, maana kumzika mtu hakuna anayekataa, na kila mmoja alitia bega. Niliiona mikono yao ikipita kwenye ubao ule wakipokezana, mikono ya wanaume waliobana makubadhi yao kwapani mwaka mzima, nikasikia mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake polepole, "Laini." Nikashindwa kuendelea kutamka shahada, nikawa nalia tu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa hitima. Nilichelewa kidogo kufika. Mlangoni nikasimama. Yalikuwa makubadhi matupu, juu ya ngazi, kando ya birika, mengine yamepandana, ya shehe na ya yule jirani na ya waliocheka kitanda, yote nje. Ndani watu wamekaa mikono mitupu. Sijui ilikuwa imani au haya, wala sikutaka kujua. Nikavua yangu nikayatia katikati ya yale mengine, na katika maisha yangu sijapata kuona fahari kama ile. Nikasema moyoni laiti mama angekuwapo ayaone.

Tulipomaliza nilitoka wa mwisho, ndani kabaki shehe tu. Ngazini yalibaki makubadhi yake peke yake. Nikatazama kando ya birika, nikatazama nyuma ya mlango. Makubadhi yangu, mapya, ya ngozi, hayapo.

Msikiti ule haukupata kupotelewa na kitu mwaka wote niliokuwa nikiogopewa mimi. Siku nilipoaminiwa, nikaibiwa. Nikakaa kwenye ngazi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Kisha nikanyamaza. Neno moja tu langu lingetosha: kabla ya magharibi wangeshamtaja mtu, na kesho yake mamake mtu huyo angenyang'anywa ufunguo wa ghala.

Shehe akatoka akafunga mlango, akaitazama miguu yangu.

"Mbona u pekupeku?"

"Nilikuja hivi hivi, Shehe," nikamwambia, nikashika njia ya nyumbani.