Kungoja Taa ya Mazutu Izimike

Watu wa mtaa wetu wa Bel-Air bado wananisimamisha barabarani kuniuliza: mtu akitaka pikapu, si kubwa sana wala ndogo, achukue ya mazutu, yaani dizeli, ama ya esansi, yaani petroli? Wananiuliza kwa sababu sisi tulikuwa na ya mazutu, nyeupe, yenye viti vya mbele na vya nyuma. Mimi nilisoma kidogo, na mambo ya injini niliyajua kupitia mke wangu tu. Kwa hiyo haya ninayoandika myapime wenyewe.

Yeye ndiye aliyeichagua. Alikuwa anauza unga wa mahindi kwa jumla, na mahindi aliyafuata mwenyewe mashambani, njia ya Likasi na kupita, kisha kuingia porini. Mzigo mzito, safari ndefu, mchanga, matope. Kwa kazi ile sikuona pikapu ya esansi iliyomshinda. Mazutu inavuta kwa nguvu hata ikienda polepole, na tangi moja lilimfikisha na kumrudisha. Hilo nalisema hata leo.

Mdogo wake, shemeji yangu anayekaa mtaa wa Hewa Bora, alikuwa na pikapu ya esansi, na kila Jumapili alibishana uani kwetu na dada yake, aliyemwita Yaya.

"Yaya, weye unaenda na mazutu mpaka ku soko? Ni kama kulala na mabote ya mugodi ku miguu!"

"Cheka tu. Siku mvua itakukamata ku njia ya mashamba, utaniita nikuje kukuvuta."

"Miye? Nitalala mu matope, siwezi kukuita."

Alimwita. Mke wangu akaenda na kamba, akarudi anacheka mpaka machozi, na shemeji nyuma yake tope limemfika masikioni.

Jambo moja la mazutu alilipenda kuliko mengine. Asubuhi za baridi, ukizungusha ufunguo mara ya kwanza, taa ndogo ya njano inawaka, ina umbo la waya uliojikunja. Maana yake injini inajipasha moto; ungoje izimike ndipo uwashe. Wengi hawangoji. Yeye alifanya alama ya msalaba, na akifika "Amina" taa nayo imezimika. Mimi kiti cha pembeni subira ilinishinda.

"Na esansi tungekuwa tumefika," namwambia.

"Papa, unakimbilia wapi?"

Kisha akaugua. Safari za mashamba zikaisha. Pikapu ikawa ya kumpeleka hospitali na kumrudisha, na akipata nafuu, mpaka kwa mdogo wake Hewa Bora. Hapo ndipo taa nyingine ikaanza kuwaka, ya onyo, isiyozimika. Fundi alinieleza bila kunidharau.

"Papa, hizi motere za sasa haziko kama za zamani. Kuko filtre mu bomba ya moshi, inakamata masizi. Ukikimbia mbali, inapata moto, masizi inaungua. Ukizunguka mu cité tu, inajaa."

Alitaka kulitoboa chujio hilo, kama wengi wanavyofanya. Mke wangu alikuwa garini, amejifunika kitenge mpaka shingoni.

"Na ile moshi itaenda wapi? Ku batoto ba majirani. Hapana."

Basi fundi akasema niikimbize hata mpaka Likasi na kurudi, masizi yaungue. Labda ingetosha, sijui. Sikuenda. Sikutaka kuwa mbali naye hata nusu siku.

Sasa mjue kwamba mtaani kwetu kila penye kilio pikapu ile ilikwenda. Ilibeba viti na masufuria, halafu sanduku la marehemu lenyewe, vijana mbele wanakwenda kwa miguu wakiimba, gari nyuma linawafuata kwa mwendo wao. Mke wangu hakumkatalia mtu hata mmoja. Kwa injini ya namna hiyo hakuna kazi mbaya kuliko ile.

Alipokufa, shemeji alinivuta pembeni.

"Bofrere, shemeji yangu, tuchukue yangu. Yako iko mgonjwa."

"Ataenda na yake," nikamjibu.

Ilizimika kwenye mwinuko kabla ya makaburi. Nikazungusha ufunguo, nikazungusha tena. Wimbo ukakatika. "Papa, tusukume?" vijana wakauliza, wakasukuma, lakini mwinuko uliwashinda. Shemeji akarudisha pikapu yake kinyumenyume, akashuka na kamba. Nilimngojea aseme neno. Miaka yote alikuwa na neno. Alifunga fundo, akalijaribu, akalifungua, akalifunga upya, akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Esansi ikaivuta mazutu mpaka juu, nayo imembeba mke wangu mgongoni.

Baadaye alikuja mnunuzi, msafirishaji mmoja, mtu wa Kivu ya Kaskazini, anayepeleka bidhaa Kolwezi kila juma. Fundi alikuwa ameshalisafisha chujio. Shemeji ndiye aliyepinga.

"Usiuze, bofrere. Yaya aliipenda."

"Ndiyo juu ya ile nauza. Hapa itakufa."

Aliingia ndani ya pikapu, akakaa kwenye kiti cha dada yake.

Kwa hiyo wanaoniuliza nawajibu hivi: kama unabeba mzigo na unakwenda mbali, mazutu bado ina maana, tena sana. Kama ni kanisani, hospitali na vilio vya jirani, chukua esansi. Mke wangu alisema kweli, na mdogo wake alisema kweli. Safari zetu ndizo zilizofupika.

Asubuhi aliyokuja mnunuzi kuichukua kulikuwa na baridi. Yule mtu akaketi, akataka kuwasha palepale.

"Ngoja kwanza," nikamwambia dirishani. "Ngoja taa izimike."

Akangoja. Nikapeleka mkono kwenye paji la uso, halafu kifuani. Sikuujua mwendo wa mke wangu. Taa ilizimika mkono wangu ukiwa bado begani, na yule mtu akawasha.