Fundi Aliyesikiliza Kabla ya Kufuta

Safu ya wiki hii nilikuwa nimeshaiandika. Ilihusu senene, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliisoma mara tatu huku nikicheka peke yangu kama mtu aliyerogwa. Nimeichana. Jumanne asubuhi kondakta wa basi la Omurushaka aliniita kwa mkono kabla hata basi halijasimama sawasawa. "Mwalimu," akasema, "yule fundi wako wa redio ametutoka. Jana mchana. Alijilaza kidogo baada ya chakula, hakuamka." Mimi si mwalimu, ni mhitimu tu wa darasa la jioni, lakini kwetu ukishavaa miwani na kukunja gazeti kwapani watu wanakupa cheo. Kila siku humsahihisha kondakta yule. Siku hiyo nilipanda basi lake bila hata kuuliza kama lina nafasi.

Wasomaji wa mijini mnaodhani kwamba sisi wa Karagwe tulisikiliza kwaya na ngoma za harusi tu, shikeni viti. Miaka ile ya mwanzo wa tisini Omurushaka ilikuwa makao makuu ya hevi metali kwa Afrika Mashariki na Kati, na pengine na Kusini. Mashabiki tulikuwa elfu moja. Haya, tulikuwa kumi na mmoja, lakini ungetusikia tukibishana ungehesabu elfu. Kwa asiyeujua muziki huo, ni kama mtu amewasha mashine ya kukoboa kahawa, akaifungia nyuzi za gitaa, kisha akaitukana. Ukivumilia, ndani ya ngurumo ile unakuta wimbo mtamu kama ndizi iliyoivia mgombani. Aliyetuletea ugonjwa huo alikuwa mzungu mmoja mchimba visima, mtu wa ndevu hadi kifuani, aliyepeleka kwa fundi redio yake iliyokuwa ikikoroma. Fundi aliitengeneza, akaweka kaseti iliyokuwa ndani ili kuijaribu, na kuanzia hapo hakuwa mtu yule yule. Bendi yenyewe sitaitaja. Tulikuwa na matamshi kumi na moja ya jina lake, na mpaka leo sijui lipi lilikuwa sahihi.

Fundi alikuwa mtoto wa watu waliovuka kutoka Burundi wakawa vibarua wa kahawa kule Nyabiyonza. Umeme hatukuwa nao, alitumia betri ya gari ambayo mtu wa mashine ya kusaga alimchajia. Banda lake la mabati lilikuwa dogo, mteja akiingia ilibidi fundi atoe mguu mmoja nje. Humo alikuwa na redio kaseti mbili, moja ya kupiga na moja ya kurekodi, na akili ya watu kumi. Siku mchimba visima alipokuja na gazeti la muziki la kwao lenye picha ya albamu mpya itakayotoka, banda lile lilifurika hadi barabarani. Tuliambiwa kwamba kutakuwa na toleo la kawaida na toleo maalumu: sanduku jeusi, kaseti mbili, kijitabu cha maneno ya nyimbo, bango la ukutani na beji ya chuma. Mchimba visima alikuwa ameagiza sanduku hilo. Tulisubiri miezi saba. Nimeshuhudia watu wakisubiri mvua, wakisubiri matokeo ya mitihani, wakisubiri mahari ipokelewe, lakini sijaona kusubiri kama kule.

"Bango hilo nitalishonea pindo," alisema dada mmoja fundi cherehani, shabiki mwenzetu, "lisije likachanika pembe."

"Bango ni la mzungu, dada," mkulima mmoja wa Nyabiyonza akamkumbusha. Huyu alikuwa mzee wa kuamkiwa shikamoo na kila mtu pale, na alikuwa shabiki mkali kuliko sisi sote. "Sisi tutapata sauti tu."

"Basi hiyo sauti nitaishonea pindo."

Hapo ndipo fundi alipotangaza kwamba na sisi tutakuwa na matoleo yetu maalumu, tena bora kuliko ya Ulaya. Msidhani alitania. Mzee wa Nyabiyonza alikuwa na betri zile zile za redio tangu wakati wa kupalilia, kila asubuhi anazianika juani juu ya mkeka pamoja na kahawa, na hata zikianikwa vipi redio yake ilivuta mkanda polepole hadi mwimbaji akasikika kama ng'ombe mwenye usingizi. Fundi alichukua bisibisi, akakaza kiskrubu kidogo cha mota ili redio ya kupiga iende mbio kidogo, akamrekodia, kwa majaribio, kaseti ya nyimbo za zamani inayokwenda haraka. Ukiiweka kwenye redio nzima, wanamuziki wanakimbizwa na nyuki. Ukiiweka kwenye redio ya mzee, inakaa pale pale inapotakiwa. Akaliita Toleo la Betri Chovu. Kulikuwa pia na Toleo la Jirani Mlokole, ambalo kila upande ulianza na kuisha kwa tenzi, ili mtu akibisha hodi uwe na mahali pa kukimbilia. Huyo ndiye niliyemwita fundi. Wengi wanaoitwa mafundi wanatengeneza kitu, yeye alitengeneza kitu akimfikiria mtu fulani na nyumba yake.

Sanduku likafika Alhamisi, na habari njema ikaja na mbaya. Kazi ya mchimba visima ilikuwa imekwisha, lori lake lingepita Omurushaka Jumapili saa sita mchana kuelekea Bukoba, na sanduku lingeondoka nalo. Tulikuwa na siku tatu na betri moja ya gari, kwa sababu mashine ya kusaga ilikuwa imeharibika na hapakuwa na wa kuichaji. Kaseti tupu zilikuwa adimu kama meno ya kuku, kwa hiyo kila mtu alileta ya zamani kutoka nyumbani ifutwe, isipokuwa fundi mwenyewe. Yeye alikuwa na moja mpya, haijafunguliwa, aliyoitunza rafuni miezi yote saba kwa ajili ya siku hiyo. Hesabu ilitosha, lakini fundi alikuwa na sheria: hafuti kaseti ya mtu kabla ya kuisikiliza yote, pande mbili, neno kwa neno.

"Fundi, waitu, tafadhali, futa tu!" dada wa cherehani alimwomba, maana tuliona saa zikikatika na betri ikinywewa. "Hiyo yangu ni ya nyimbo za disko, hata mwenye nazo amezisahau."

"Nitajuaje bila kusikiliza?"

"Mimi mwenyewe nakwambia!"

"Wewe umeniambia kilichoandikwa juu yake," akajibu, akavaa hedfoni zake zilizofungwa kwa uzi. "Mimi nataka kujua kilichomo ndani."

Tulimsonya, tulimwita mzee wa kanisa, tukamwambia kwamba lori litamkuta anasikiliza mahubiri ya mwaka arobaini na saba. Mimi nilikuwa kinara wa kelele hizo, na hapa naomba wasomaji mnivumilie nijisute hadharani. Kaseti yangu niliichukua kwenye sanduku la mbao la mama bila kumwomba. Juu yake paliandikwa "Kwaya" kwa penseli. Nyumbani hatukuwa na redio kaseti, nikajiambia kwamba kaseti isiyo na mahali pa kupigwa ni kiatu cha mguu mmoja. Nikampelekea fundi Jumamosi alasiri, wakati nakala tisa zimekwisha na zimebaki mbili tu, yangu na yake. Akaanza kuisikiliza. Upande wa kwanza kwaya, kweli. Nikamwambia: "Umeona?" Akageuza. Kwaya tena, halafu ukimya. Nikamwambia: "Fundi, hata ukimya unausikiliza?" Uso wake ulikuwa umebadilika. Akachomoa hedfoni ili spika itoe sauti, akasema, "Msomi wa jioni, hebu kaa chini."

Ilikuwa sauti ya baba yangu. Baba alifariki kwa homa nikiwa darasa la tatu, na nilikuwa nimeshasahau kwamba nimeisahau sauti yake. Zamani watu wetu walitumiana kaseti badala ya barua, na baba, kwa redio ya kuazima, alikuwa akimsemea baba yangu mkubwa aliyekuwa kibarua mbali, kaseti ambayo haikuwahi kutumwa. Alisalimia kwa Kinyambo kama mtu asiye na haraka, akataja ng'ombe mmoja mmoja, akasema kahawa imeshika maua. Kisha akasema: "Huyu kijana wangu anagonga masufuria kutwa nzima. Majirani wamelalamika. Namwacha. Nyumba kimya siipendi." Halafu mkanda ukaisha. Tulikuwa watu wanne ndani ya banda lile la mtu mmoja. Mzee wa Nyabiyonza alivua kofia.

"Mama yako anajua kama umeichukua?" fundi akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Kesho mlete."

"Kesho betri inabaki ya nakala moja tu, ile yako. Na lori ni saa sita."

"Nimesema mlete."

Mama alikuja Jumapili akitoka kanisani, akiwa amevaa kitenge chake cha ibada, na njia nzima alinitangulia hatua kumi. Fundi alimwekea kigoda, akamwamkia, akapiga kaseti. Mama hakulia. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama mtu anayepokea maagizo, na ilipofika mwisho akasema kwa Kinyambo: arudie hapo pa masufuria. Fundi akarudia. Akaomba tena kuanzia kwenye ng'ombe. Fundi akarudia kuanzia kwenye ng'ombe. Mimi nilikuwa nikitazama jua na kuutazama ule mkanda mpya rafuni, na nilimwona fundi naye akiutazama mara moja tu, kisha akageuza macho. Mara ya tano sauti ya baba ikaanza kuwa nzito, ikajikokota, ikazima. Betri ilikuwa imekwisha. Lori likaja saa sita kasoro, mchimba visima akamkumbatia kila mtu, sanduku jeusi likapanda. Fundi wa Omurushaka, aliyesubiri miezi saba na kuwarekodia watu tisa, alibaki bila nakala.

"Nisamehe, kaka," nikamwambia.

"Muziki ule nimeusikia mara tisa nikiurekodi," akasema, akicheka. "Wewe ndiye wa kuhurumiwa. Hujausikia hata mara moja."

Wiki iliyofuata, betri ilipochajiwa, alifungua ile kaseti yake mpya na kunakili humo sauti ya baba, akisema sauti ya namna hiyo haiachwi kwenye mkanda mmoja mkuukuu. Juu yake aliandika kwa kalamu nyekundu: Toleo Maalumu. Beji ya chuma haikuwamo, lakini sijapata kupokea albamu nzuri kuliko ile, na nasema hivi nikiwa shabiki niliyekuja kuazima nakala ya dada wa cherehani hadi akaninyang'anya.

Nimemfikiria sana tangu Jumanne. Siku hizi hata mjini Kayanga wana mashine zinazonakili kaseti nzima kwa dakika chache, na kijana anayeiendesha anapiga soga mlangoni wakati inafanya kazi. Sina ugomvi na mashine, nazipenda kupita kiasi. Ila nimeona kwamba kazi ikienda mbio kuliko sikio, anayeifanya hajui tena anachokifanya. Nimeona mpima kahawa anayetazama mizani bila kumtazama aliyebeba gunia. Nimeona karani anayegonga muhuri barua asiyoisoma. Na mimi mwenyewe, nyie mnaonisifu mtaani, nimeshafuta watu wangapi kwa kusoma penseli iliyoandikwa juu yao: huyu mlevi, huyu mkorofi, huyu wa kuja? Fundi, mtoto wa watu walioitwa wa kuja maisha yao yote, alimpa kila mtu pande mbili kamili kabla ya kuamua chochote. Hakuhubiri jambo hilo hata siku moja. Alivaa hedfoni tu.

Kwenye maziko, Nyabiyonza, mjane wake alitutolea katoni tatu za kaseti akitaka tumtafutie sauti ya mumewe. Mashabiki waliobaki tulikaa mgombani siku mbili tukasikiliza zote hadi mwisho, kama alivyotufundisha. Tulipata harusi za watu, mahubiri, watoto wa watu wakisoma shairi, na ngurumo za kutosha kuangusha migomba. Yeye hatukumpata. Hakuna aliyewahi kuigeuza mashine upande wake.

Ndugu msomaji, kama una mtu anayekutunzia vitu vyako, mgeuzie mashine wiki hii. Mimi nimeanza. Jana nilimpelekea mama yangu redio, nikabonyeza kitufe, nikamwomba aseme lolote. Akanitazama toka miguuni hadi kichwani, akasema: "Mwana wange, zima kwanza. Nikavae vizuri."