Bawa la Furukombe

Kaka yangu alikufa kwa homa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Nilipofika Kindu, kwetu Maniema, kutoka chuo kikuu kule Leopoldville, alikuwa amekwisha kuzikwa. Meli, treni, tena meli: safari yangu ilikuwa ndefu kuliko ugonjwa wake. Watu waliokaa matangani waliniambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Niliuliza, basi makosa ni ya nani? Shangazi mmoja alinisogezea sahani ya wali ili ninyamaze.

Uani kwetu lilikuwa limesimama lori la mfanyabiashara mmoja, kamio kama tulivyoliita. Kwenye mlango wake kaka alikuwa amechora furukombe akishuka mtoni kukamata samaki, bawa moja limetanuka hadi ukingo wa bati. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya nyumba yetu. Kaka alichora, baba alisugua mchoro kwa msasa, kisha akapaka verni, ile rangi isiyo na rangi inayozuia mvua na vumbi. Furukombe huyu alikuwa bado hajapakwa verni.

Macho ya mama yalikuwa yamezimika miaka kadhaa kabla, kama ya watu wengi wa kandokando ya mto. Kwa ajili yake kaka alianza kupaka rangi nene, kila unyoya ukawa na mgongo wake, ili mama aone kwa vidole. Baba alikuwa akimgombeza: "Kamio si sahani ya bugali! Rangi gani hii ya kuchota na kijiko?" Kaka alicheka, akaendelea. Sasa kila asubuhi mama aliniomba nimpeleke mlangoni pa lori. Alianzia mdomoni mwa ndege, akashuka shingoni, akakawia sana kwenye bawa.

Mwenye lori, aliyepaswa kupeleka mchele mjini Kalima, alivumilia mpaka akachoka.

"Fundi, pole tena. Lakini muchele yangu itaota majani hapa, na batu ya Kalima banangoja."

"Iko karibu," baba alisema.

"Karibu ya wapi? Ya Kalima ao ya Kiyama?"

Watu walicheka, hata baba. Alipoondoka, baba alikwenda kuketi mkekani karibu na mama.

"Lazima nisugue," alimwambia.

"Mukono ya mutoto wangu iko pale."

"Nikiacha vile, verni itajaa mu mabonde na juu haitashika. Mvua mbili tu, ndege yote itabanduka. Mvua itaikula."

"Na ukisugua, nani ataikula?"

Mimi niliingilia kati, nikauliza kwa nini asipake verni nyingi tu, ifunike migongo yote. Baba alinijibu bila hasira kwamba verni nene hujikunja kama ngozi ya maziwa. Nikauliza kwa nini mtu aliyefiwa ahangaikie mali ya tajiri. Akasema lori litazunguka Maniema yote, na popote litakapofika, watu wataona kazi ya mwanawe. Kila mmoja wao alitaka kumhifadhi kaka, na hapakuwa na namna ya kumhifadhi kwa njia zote mbili.

Mwishowe baba aliahidi: atasugua kichwa, mwili, samaki na maji, lakini bawa ataliacha. Likibanduka, na libanduke. Mama alimshika mkono, akautikisa kidogo.

Asubuhi iliyofuata alianza kwa msasa wa dukani na maji. Kumalizia, alitumia majani ya mti wa msasa yaliyolowekwa, yenye kukwaruza kama ulimi wa paka, ambayo wazee walisugulia mipini kabla Mzungu hajafungua duka. Hapo baba alifumba macho, kama alivyofanya siku zote. "Macho inadanganya," alizoea kusema. Kiganja cha kushoto kilitangulia kutafuta kivimbe chochote juu ya rangi, mkono wa kulia ukafuata na jani.

Nilikwenda kuchota maji ya kumwagia ua, vumbi lisirukie verni. Niliporudi, baba alikuwa amesimama, macho wazi, jani limemponyoka. Kiganja kilikuwa kimefanya kile ambacho kimefanya maisha yake yote. Kilikuta mgongo, kikauondoa. Kikakuta mwingine. Bawa lote lilikuwa laini.

Mama alikuwa amesikia kusugua kumekoma. Alikuja mwenyewe, akipapasa ukuta, hadi mlangoni pa lori. Vidole vyake vilipita juu ya bawa, vikarudi, vikapita tena.

"Mulinileta upande ingine?" aliuliza.

"Hapana," baba alisema. "Ni hapa hapa."

Nilitegemea kilio. Mama aliweka kiganja chote juu ya bati, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Basi niambie. Manyoya iko namna gani?"

Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akimsifu kaka, alianza kueleza. Karibu na bega iko myeusi, alisema, lakini si myeusi ya mukaa. Ndani aliweka kahawia kidogo, sijui alifikiriaje. Hapa katikati inakuwa myekundu, kama udongo ya barabara baada ya mvua. Alisogeza mkono wa mama taratibu, unyoya kwa unyoya, mpaka kwenye ncha ya bawa.

Pale msasa ulikuwa umefika kwenye bati tupu. Baba aliendelea kueleza manyoya ambayo hayakuwapo tena.