Vigae vya Shangazi na Maji ya Ndimu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya Jumatano, enzi za Mwingereza, nimepiga magoti sebuleni pale Kinondoni, nusu ya ndimu mkononi, najiona mtaalamu. Nilikuwa nimesoma sekondari, na mtu wa aina hiyo haulizi. Kutembea sikupenda, nyumbani ndiko kulikokuwa na ufalme wangu, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa ya shangazi.

Shangazi alinipa niikarabati, nioe humo. Sharti lake lilikuwa moja: "Paka chokaa, badili bati, lakini sakafu ya marehemu mume wangu usiichezee. Ukiiharibu, huyo mchumba utamlaza vibarazani kwa watu." Vigae vile, vya maua ya buluu na hudhurungi, marehemu alivitoa kimoja kimoja kwenye nyumba kuukuu ya mjini iliyokuwa ikibomolewa.

Moshi na nta vilikuwa vimevifanya vyeusi. Nikawaza: ndimu hung'arisha sinia za shaba, itashindwaje sakafu? Nikasugua vigae sita vya mlangoni. Uchafu ukatoka, kweli. Na maua yakatoka nao.

Shangazi alikuwa aje Ijumaa. Nikakimbilia kwa Mzee Mshamu, fundi wa mtaa wa pili.

"Shikamoo, mzee. Nataka uvunje sakafu yote, umwage saruji nyekundu. Shangazi nitamwambia vigae vilipasuka."

"Marahaba. Vyote? Kwani nyumba imepigwa na radi?" Akaja, akatazama maganda ya ndimu, akanitazama mie. "Bwana mdogo, ulikuwa unasafisha sakafu au unatengeneza kachumbari?"

Hapo ndipo nilipouona ufundi. Alipitisha patasi nyembamba ukingoni mwa kigae, akagonga polepole kama anayebisha hodi kwa mgonjwa, kikainuka kizima. "Aliyevilaza alitumia chokaa, si saruji," akasema. "Alijua ipo siku vitahama tena." Akatoa sita vizima chumbani, pale kitanda kitakapokaa, akavileta mlangoni, vile nilivyoviunguza akavipeleka chumbani. Uchafu uliobaki tukautoa kwa maji ya vuguvugu, sabuni na kumbi la nazi. Mikono yenye adabu kama ile sijaiona tena.

"Shangazi hatajua kitu!" nikachekelea.

"Sakafu nimemaliza mie. Kusema ni kazi yako," akajibu, akaondoka na patasi yake.

Ijumaa, kabla shangazi hajaketi, nikampeleka chumbani nikamwonyesha vile sita. Aliinama, akapitisha kidole pale maua yalipofutika.

"Marehemu naye alivunja vinne siku ya kwanza," akasema. "Akanificha mwaka mzima. Haya, oa."

Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Nyumba ya zamani ianze kwa maji, si kwa nyundo; dawa yako ijaribu pembeni kwanza; na tafuta fundi ajuaye kutoa, maana wa kuvunja tumejaa tele. Ukishaharibu, sema kabla hujaulizwa. Mficha uchi hazai. Mungu akupe nyumba ya heri na mikono yenye subira, na shangazi akupe mpole kuliko unavyostahili.